Ziwa Nyasa Si Pambo la Ukumbi wa Kulia

Pana neno ambalo siku hizi haliepukiki, si katika hotuba wala katika karatasi: kivutio. Mlima ni kivutio, kaburi ni kivutio, ngoma ya jando ni kivutio, na bibi kizee anayesuka ukili barazani kwake naye, bila ya kuulizwa, keshatiwa katika orodha. Sina ugomvi na neno lenyewe. Limeundwa kwa kanuni safi za lugha yetu kutokana na kitenzi kuvuta, na aliyeliunda hakukosea. Ugomvi wangu ni juu ya swali ambalo wenye kulitumia hawapendi kuulizwa: kinamvuta nani? Kitu hakiwi kivutio kwa aliyezaliwa nacho. Kinakuwa kivutio pale anapotokea wa kuvutwa, naye aghalabu yuko mbali, ana nauli, na ana siku chache za kukaa.

Neno hilo sasa limefika Ziwa Nyasa. Asomaye vipeperushi vinavyoandikwa juu ya mwambao wa Ruvuma, kuanzia Lituhi kupitia Liuli hadi Mbamba Bay, atazikuta sentensi zile zile alizozisoma juu ya Nungwi na Paje miaka ishirini iliyopita: maji maangavu, samaki wa mapambo wa kila rangi, milima inayoshuka mpaka majini, jua linalozama upande wa Malawi, na fukwe “ambazo hazijaguswa”. Nyuma ya sentensi hizo hufuata pendekezo, mara kwa upole, mara kwa kelele. Ziwa hili, husemwa, limekamilika kwa kila hali, limekosa kitu kimoja tu, nacho ni meli ya starehe: vyumba vya kulala vyenye mashuka meupe, na ukumbi wa kulia wenye madirisha mapana, ili mgeni apate chakula chake cha jioni huku Milima ya Livingstone ikipita mbele yake polepole kama picha ya sinema.

Nataka kusema, katika kurasa hizi za wapenda ushairi, kwamba pendekezo hilo limesimama kichwa chini miguu juu. Na kwamba sisi watu wa pwani na visiwani, kuliko watu wengine wote, tuna sababu ya kulikataa likiletwa kwa namna hiyo.

Nianze na hilo la kutoguswa, maana ndilo lililonitia kalamu mkononi. Ufukwe ule umeguswa mpaka ukachubuka, na waliougusa vibaya zaidi walitoka kwetu. Katika karne ya 19 njia kuu iliyotoka Kilwa kwenda bara ilielekea ziwa hili. Ng'ambo ya pili, Nkhotakota, mtu wa pwani aitwaye Salim bin Abdallah alijiwekea makao katika miaka ya 1840, akajulikana kwa cheo cha Jumbe, na warithi wake wakaendelea kuitwa hivyo mpaka Waingereza walipouondoa utawala wao katika miaka ya 1890. Majahazi yaliyoundwa kwa mikato ya kwetu, yenye matanga ya kwetu na manahodha waliosema lugha yetu, yalivusha watu kutoka magharibi kuja mashariki, na huko wakafungwa minyororo wakatembezwa wiki nyingi kuelekea baharini. Livingstone aliandika kwamba Rigby, balozi wa Uingereza hapa Unguja, alimweleza kuwa kutoka nchi ya Nyasa pekee watumwa 19,000 walipitia forodha ya Unguja kila mwaka. Hesabu za wakati ule zina walakini, na waliozitoa walikuwa na lao la kutetea. Basi ipunguze nusu. Ipunguze nusu tena. Wanabaki watu zaidi ya 4,000 kwa mwaka, kila mwaka, waliovuka maji yale yale ambayo kipeperushi kinatuambia hayajaona mtu.

Hizo ndizo zilizokuwa safari za vyombo Ziwa Nyasa kabla ya moshi wa meli ya kwanza. Abiria hawakuuliza chakula gani kitapakuliwa jioni.

Na waliofika, walifika wapi? Wengine walifika hapa. Sensa za Waingereza hapa Unguja katika miaka ya 1920 na 1930 zilikuwa na kabila liitwalo Wanyasa, na yeyote aliyelelewa katika mashamba ya mikarafuu hahitaji sensa kulijua jina hilo. Alilisikia likitajwa ngomani, alilisikia likitumika kama utani, na mara nyingine alilisikia likitupwa kama tusi. Watu walivuliwa majina ya koo zao, majina ya mito yao, majina ya vijiji vyao, wakabakishiwa jina la ziwa. Leo mjukuu wa mjukuu wao, aliyefanikiwa kimaisha, anaweza kununua tiketi, kupanda meli ya starehe na kuagiza samaki wa kuchoma, akalitazama ziwa hilo kupitia dirishani kama mtu anayetazama nchi ya watu wasiomhusu. Simlaumu. Namlaumu aliyempa kipeperushi kisichokuwa na hata sentensi moja ya kumzindua.

Tena uhusiano wetu na mwambao ule haukuishia sokoni Mkunazini. Tarehe 1 Julai 1890 Waingereza na Wajerumani walitia saini mkataba ambao kila mwanafunzi wa skuli hapa visiwani amepata kuusikia, kwa kuwa ndio uliofungua mlango wa Unguja na Pemba kuwekwa chini ya himaya ya Uingereza, na Mjerumani akapewa kisiwa cha Heligoland kule kwao. Ni wachache wanaokumbuka kwamba karatasi hiyo hiyo iliuchora mpaka wa Nyasa, kwa maneno ambayo Malawi mpaka leo inayasoma kuwa unafuata ukingo wa mashariki wa maji, ilhali Tanzania inasimamia mstari wa katikati. Mzozo huo ulifufuka kwa kishindo mwaka 2012, pale habari za kutafuta mafuta zilipoingia ziwani. Kwa ramani moja, basi, mgeni anayekunywa supu hatua chache kutoka ufukwe wa Liuli yumo Tanzania. Kwa ramani nyingine keshavuka mpaka na kijiko chake. Hata jina la ziwa hubadilika kwa kutegemea nani amechapa ramani. Mwenye meli ya starehe atachagua jina lipi kuliandika kwenye orodha yake ya vyakula, sijui, lakini nina shaka atachagua linalouzika.

Liuli yenyewe ina hadithi ambayo wapenda vituko huipenda mno. Wajerumani walipaita Sphinxhafen kwa ajili ya mwamba wa pale unaofanana na lile sanamu la Misri lenye mwili wa simba na uso wa mtu. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Kiingereza Gwendolen, chini ya nahodha Rhoades, iliifuata pale meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann, ikaikuta imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo, ikaipiga mizinga. Nahodha Mjerumani, Berndt, hakuwa na habari kwamba kuna vita. Yasimuliwa kwamba alijitupa katika mashua akamwendea mwenzake, ambaye alikuwa rafiki yake wa kunywa naye, kumuuliza kama amelewa. Ni hadithi nzuri ya kusimulia wakati sahani zinakusanywa. Inachekesha, ni fupi, ina mabwana wawili wenye majina. Waliokuwa wakiishi Liuli siku hiyo hawamo. Wala hamna neno juu ya wapagazi waliokusanywa miaka iliyofuata kubeba mizigo ya vita hivyo, wakafa njiani kwa njaa na maradhi bila ya kujua Heligoland ni mnyama gani.

Nasema haya si kwa kutaka kila mtalii alie. Nasema kwa sababu mandhari isiyokuwa na watu ni uongo, na uongo huo una kazi maalumu: unamwandalia mwekezaji kiwanja kitupu. Ukishakubali kwamba ufukwe haujaguswa, umeshakubali kwamba hauna mwenyewe.

Sasa tuje kwenye meli. Mtu wa nchi kavu akisikia meli hufikiri safari. Mtu wa kisiwani akisikia meli hufikiri kwanza nani yumo ndani. Hatukulichagua fikira hilo. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 MV Spice Islander I ilizama baharini nje ya Nungwi ikielekea Pemba, na kabla ya mwaka kutimia, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit nayo ikazama ikitoka Dar es Salaam kuja Unguja. Hakuna mtaa wa Unguja wala shehia ya Pemba ambayo haikufunga tanga. Wenzetu wa Ziwa Viktoria wanayo MV Bukoba ya tarehe 21 Mei 1996, na MV Nyerere ya tarehe 20 Septemba 2018. Mtu aliyepita katika hayo hawezi kuambiwa kwamba neno la kwanza juu ya chombo cha majini ni starehe. Neno la kwanza ni usalama, la pili ni nauli, la tatu ni ratiba. Starehe, kama ipo, inakuja na kikombe cha chai baada ya hayo matatu kutimia.

Mwambao wa Nyasa upande wa Tanzania unaanzia Kyela, penye bandari ya Itungi, ukapita Matema, Lupingu na Manda, ukavuka mdomo wa mto Ruhuhu kuingia Ruvuma, ukateremka hadi Lituhi, Liuli na Mbamba Bay, na kuendelea mpaka Msumbiji. Kaskazini, milima imeliegemea ziwa kiasi kwamba vipo vijiji ambavyo barabara yao ni maji. Mtu wa huko hasemi anakwenda kutembea na meli. Anasema meli imekuja au haikuja. Kwa miaka mingi meli zao zilikuwa MV Songea na MV Iringa, na mwenye kuzijua hatazisahau: magunia, mikungu ya ndizi, kuku waliofungwa miguu, mafundi na cherehani zao, wanafunzi na masanduku yao ya bati. Sehemu nyingi hazikuwa na gati. Meli ilisimama mbali, ikapiga honi, na mitumbwi na mashua zikatoka gizani kuiendea. Mama mwenye mtoto mgongoni akapanda kutoka kwenye chombo kinachoyumba kwenda kwenye chombo kinachoyumba, huku mikono ya asiowajua ikimvuta juu. Katika miezi ya kusi, upepo ambao wavuvi wengi wa ziwa lile huuita mwera huinua mawimbi ambayo mtu wa Chwaka angeyaheshimu. Askofu Chauncy Maples wa misheni ya UMCA, misheni ile ile iliyojenga kanisa la Mkunazini, alizama katika ziwa hilo mwaka 1895 chombo chake kilipopigwa na dhoruba.

Jina lake walipewa meli, nayo yafaa kukumbukwa katika mjadala huu. Chauncy Maples ilijengwa Uskochi, ikaletwa vipande vipande, tangi lake la mvuke likakokotwa nchi kavu na mamia ya wanaume, ikashushwa ziwani mwaka 1901. Ilikuwa hospitali, ilikuwa kanisa, ilikuwa skuli. Unaweza kuwa na maneno yako juu ya wamishenari, nami ninayo yangu, lakini waliijenga meli yao kwa kujiuliza watu wa mwambao wanahitaji nini, hata kama jibu walijipa wenyewe. Wapendekezaji wetu wa leo hawajafika hata kwenye swali.

Watetezi wa meli ya starehe hupenda kutoa mfano wa Ilala ya Malawi, na mfano huo unawageuka. Ilala ilijengwa na kampuni ya Yarrow, Glasgow, mwaka 1949, ikaanza kazi ziwani mwaka 1951. Imebeba jina la nchi ya Ilala, mahali ulipozikwa moyo wa Livingstone. Na msalaba wa mti uliomo katika kanisa la Mkunazini inasimuliwa kuwa ulichongwa kutoka kwenye mti wa mahali hapo hapo. Wageni wa Ulaya wameandika kurasa nyingi za kuisifu meli hii, na ukizisoma utaona hawakuisifu kwa mashuka wala kwa mvinyo. Waliisifu kwa sababu ilikuwa meli ya watu: mahindi, usipa mkavu, mikeka, harusi, wagonjwa na wafanyabiashara wadogo wamejaa sitaha ya chini, na juu yao vyumba vichache vya mwenye pesa. MV Liemba ya Ziwa Tanganyika, iliyozaliwa Papenburg kwa jina la Graf von Götzen, ikazamishwa mwaka 1916 na kuibuliwa, na kurudi kazini mwaka 1927, imejipatia sifa duniani kwa sababu hiyo hiyo. Hakuna hata moja kati ya meli hizo iliyokusudiwa utalii. Mgeni aliifuata kazi ya watu, akaiona nzuri.

Lakini hapo napo pana ukakasi, na sitaki kuupita kimya. Yule mama anayepanda kutoka mtumbwini gizani, kwa aliyeko sitaha ya juu na kamera, ni picha. Nimeziona picha hizo zikitundikwa kwa fahari, na maneno chini yake yakisifu uhalisi wa Afrika. Uhalisi! Ukosefu wa gati umegeuzwa mandhari. Siku gati litakapojengwa, mpiga picha huyo atasikitika kwamba mahali pamepoteza ladha. Kwa hiyo sitosheki na kuambiwa kwamba wageni wanaipenda meli ya watu. Meli ya watu ni lazima kwanza iwe salama na ifike, wageni waipende wasiipende.

Haki ya kusema kweli yanilazimu nitaje kwamba mambo hayakulala. Meli mbili za mizigo, MV Njombe na MV Ruvuma, kila moja ya tani 1,000, zilikamilika mwaka 2017. Na MV Mbeya II, iliyojengwa na Songoro Marine pale pale Itungi kwa abiria 200 na tani 200 za mizigo, ilianza safari mwaka 2021. Barabara ya lami imeteremka kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, kilomita 66 hivi za kona zinazomtoa mtu kwenye ubaridi wa Umatengo na kumtumbukiza katika joto la ziwa. Ujenzi wa bandari ya kisasa Mbamba Bay nao umeanza katika miaka hii ya 2020. Nyasa imekuwa wilaya yake yenyewe tangu 2012, baada ya miaka mingi ya kuwa mkia wa Mbinga. Hizi ni habari njema, na kwa sababu ni njema ndiyo maana tunapaswa kusema mapema: gati likishakuwa gati, nani atafunga kamba kwanza?

Tuingie jikoni, maana ndiko siri ya meli za starehe iliko. Meli hizi ni hoteli zinazotembea, na faida ya hoteli inayotembea ni kwamba mgeni wake halali nje, hanywi nje, wala hali nje. Chakula keshakilipia kabla hajaondoka kwao. Sisi Unguja tumeshaona: meli kubwa hutia nanga asubuhi, watu wakashuka kwa makundi na bendera ndogo mbele yao, wakapitishwa Forodhani, wakapitishwa Mkunazini, wakapiga picha milango, na adhuhuri ikikaribia wanarudi melini kula, wakiwaacha wauza urojo na mishikaki wanapepea nzi. Mji umetoa mandhari. Meli imetoa chakula. Na chakula ndicho chenye pesa.

Ukitaka kuona mwisho wa njia hii, tazama Labadee, kaskazini mwa Haiti, ufukwe ambao kampuni ya Royal Caribbean imeukodi tangu miaka ya 1980 na kuuzungushia ua. Tarehe 12 Januari 2010 tetemeko la ardhi liliuangamiza mji mkuu wa nchi hiyo. Siku chache tu baadaye meli za starehe zilikuwa zimetia nanga Labadee kama kawaida, na abiria wake wakaogelea na kula nyama za kuchoma ndani ya ua. Kampuni ilijitetea kwamba meli zilileta pia misaada, na ni kweli zilileta. Lakini baadhi ya abiria wenyewe walikataa kushuka, wakasema tonge haipiti kooni. Nawaheshimu hao. Walielewa kwamba pale ua ulipo, kula ni kauli.

Sasa fikiria jiko la meli ya starehe ya Nyasa. Mpishi atatoka nje, orodha ya vyakula itatoka nje, samaki atatoka friji, naye pengine kavuliwa bahari nyingine kabisa. Nje ya dirisha kutakuwa na mvuvi wa mbasa, samaki ambaye hupanda mto Ruhuhu kutaga, na ambaye mwenyeji wa ziwani akimtaja hufumba macho kwanza. Patakuwa na magege. Patakuwa na usipa ulioanikwa mchangani ukimeta kama fedha iliyomwagwa, chakula kilicholea vizazi na vizazi vya mwambao ule na wa ng'ambo. Patakuwa na mchele wa Kyela, ambao mtu wa Dar es Salaam akiuziwa mwengine kwa jina lake huona ameibiwa. Na juu, milimani, patakuwa na kahawa.

Kuhusu kahawa nitasimama kidogo, msomaji aniwie radhi, kwa kuwa sisi ni watu wa kahawa. Wamatengo wa Mbinga wanalima arabika katika miinuko ambayo mwengine angeiona haifai hata kwa mbuzi. Hao ndio watu wa ngoro, ule utaratibu wao wa zamani wa kulima mteremko kwa vishimo vilivyopangwa kama sega la nyuki, majani yakizikwa chini ya udongo, maji ya mvua yakitulia badala ya kukimbia. Elimu ya udongo ambayo wataalamu wametoka mbali kuja kuisoma. Kahawa yao inamenywa, inaoshwa, inakaushwa, inakobolewa pale pale Mbinga, na sehemu kubwa inasafiri kwenda kunywewa na watu ambao hawatajua kamwe kutamka Umatengo. Halafu nenda ukae katika hoteli nyingi za nchi hii, uombe kahawa. Utaletewa maji ya moto na kopo la unga. Katika meli ya starehe ya ziwani utaletewa kikombe kizuri, kisahani kizuri, na ndani yake kahawa iliyonunuliwa Ulaya, ikinywewa chini ya mlima ambao huenda ndiko ilikozaliwa. Mzee wa Jaws Corner, anayekunywa kahawa yake chungu katika kikombe kisichojaa ganja la mkono, ana ladha ya haki kuliko abiria huyo.

Nitajibiwa: wewe mtu wa kisiwani mmekwisha kula utalii mkashiba, sasa mnataka kuwanyima wenzenu wa Nyasa sahani yao. Jibu hili lina uzito. Kijana wa Mbamba Bay hana wajibu wa kubaki maskini ili mimi nipate kuandika insha. Akitaka kuwa mpishi wa meli, nahodha, mwongoza wageni, mpiga mbizi wa kuwaonyesha watu samaki wa mapambo, ni haki yake, na naomba apate. Tena ni kweli tumekula. Lakini aliyekula ndiye ajuaye nini kilikuwa mfupa. Tuliuza fukwe kwanza tukauliza maswali baadaye. Wapo wavuvi wetu ambao leo hupita pwani ya kijiji chao kwa ruhusa ya mlinzi wa hoteli. Ningekuwa mwenzao wa Nyasa ningependa mtu anieleze hilo kabla ya kutia saini.

Wala sisemi mgeni asije. Nasema aje katika meli yenye ngazi moja. Vyumba vya juu viwepo, vitozwe fedha nzito, na fedha hiyo iishushe nauli ya sitaha. Jiko liwe moja, lifungwe kwa mkataba kununua kwenye kila kituo: samaki Liuli, mchele Kyela, ndizi Matema, kahawa na maharage Mbinga. Mkataba huo uandikwe kwa Kiswahili na usomwe mkutanoni kijijini. Ratiba itungwe kwa siku za gulio na za kliniki, si kwa saa ya kuzama jua. Mgeni ambaye hawezi kuvumilia hayo, Karibi inamngoja.

Na sisi tunaotunga? Hapa lawama nairudisha nyumbani. Vipeperushi havikujiandika. Maneno yake yameokotwa katika mashairi yetu: mawimbi yanayobembea, mchanga mweupe, upepo mwanana, mitende inayopunga. Tumetunga beti elfu za namna hiyo, zenye vina safi na mizani kamili, ambazo ukilitoa jina la mahali na kulitia jengine hakuna kitakachovunjika. Ubeti ambao waweza kuhama kutoka Paje hadi Mbamba Bay bila ya kubadilisha hata silabi moja, ubeti huo ni tangazo, na mwenye hoteli ana haki ya kuuchukua bure. Mtunzi anayetaka kuiimba Nyasa na aanze kwa kujifunza majina ya pepo zake, na ya samaki zake, na ya koo zilizokosekana katika vijiji vyake wakati majahazi ya Jumbe yalipokuwa yakivuka. Ajue kwamba pale Liuli, chini ya ule mwamba, iko hospitali ya zamani ya misheni, na kwamba watu wa mwambao wameizoea njia ya kuifikia kwa maji. Meli itakaposimama pale usiku, ya starehe au isiyo ya starehe, taa za ukumbi wa kulia zikiwaka, nataka kujua ngazi itashushwa upande gani, na machela itapita kabla au baada ya masanduku ya wageni.